Stauti tatu nyeusi: ya kahawa, ya pipa, na yenye vyote viwili

Glasi tatu ziko mezani na zote ni nyeusi tititi. Ukiinyanyua yoyote mbele ya taa huoni kitu, isipokuwa pale ukingoni bia inapokuwa nyembamba, ndipo unapata wekundu wa mbali kama kaa linalokaribia kuzimika. Kwa macho huwezi kuchagua. Na mtu akisimama mbele ya rafu lazima achague: stauti, yaani bia nyeusi, yenye kahawa peke yake, stauti iliyolazwa kwenye pipa la wiski, au ile iliyopitia kote kuwili.

Wengi hukimbilia hiyo ya tatu kwa hesabu nyepesi. Kahawa ni nzuri, pipa ni zuri, kwa hiyo vikikutana uzuri ni mara mbili. Nimeinywa hesabu hiyo mara nyingi na jibu halitoki hivyo. Tatizo ni muda: pipa linautaka, kahawa inaukimbia. Chupa yenye vyote viwili ni mapatano kati ya vitu viwili visivyoridhika kwa wakati mmoja, na ukishajua nani kashinda ndani ya chupa uliyoishika, umeshajua kama inakufaa.

Chupa zenyewe

Ya kwanza ni Breakfast Stout ya Founders, kiwanda cha Grand Rapids, Michigan, huko Marekani. Kileo chake ni asilimia 8.3. Imepikwa kwa oti, chokoleti na kahawa za aina mbili, ya Sumatra na ya Kona kutoka Hawaii. Ndiyo ile yenye picha ya mtoto anayekula kwa kijiko, picha ambayo kwenye chupa ya kileo kiasi hicho inachekesha na kutia wasiwasi kwa pamoja.

Ya pili ni KBS ya kiwanda hicho hicho. Herufi hizo ni kifupi cha Kentucky Breakfast Stout, kwa heshima ya jimbo ambalo ndiko kwao burboni, ile wiski ya Kimarekani. Ina kahawa na chokoleti kama ndugu yake, ila imepikwa nzito zaidi, kisha ikalazwa kwa takriban mwaka mzima kwenye mapipa yaliyomwagwa burboni, ndani ya mapango yaliyo chini ya mji, ambayo zamani yalikuwa machimbo ya jasi. Kileo hupanda na kushuka kidogo mwaka hadi mwaka, lakini huwa karibu asilimia 12.

Ya tatu ni Bourbon County Stout ya Goose Island, kiwanda cha Chicago, bia ambayo tangu miaka ya 1990 ndiyo watu huitaja kwanza mazungumzo yakifika kwenye mapipa. Hutoka mara moja kwa mwaka, Ijumaa inayofuata sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, mwishoni mwa Novemba. Kileo chake ni kama asilimia 14, miaka mingine zaidi. Toleo la kawaida halina kahawa hata punje. Wamewahi kutoa la kahawa pia, kwa buni za Intelligentsia, wachomaji wa hapo hapo Chicago, lakini kwa kazi hii nililitaka tupu, ili pipa lisikike bila mtu wa kuliingilia.

Unaona kwa nini nimezipanga hivi. Ya kwanza ina kahawa bila pipa, ya tatu ina pipa bila kahawa, ya katikati ina vyote. Kama hizi huzipati ulipo, tafuta nyingine tatu za mpangilio huo huo, maana hoja haibadiliki.

Pipa linaleta nini hasa

Watu hudhani pipa linaleta wiski tu. Wiski ipo, kwa sababu mbao zake zimenyonya burboni kwa miaka na bia ikiingia inaitoa taratibu, ndiyo maana kileo huongezeka bila mtu kumimina kitu. Lakini mengi ya unayoyaonja yanatoka kwenye mti wenyewe, mwaloni, na kwenye moto.

Sheria ya Marekani inataka burboni itokane na nafaka ambazo mahindi ni angalau asilimia 51, na ilazwe kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani. Neno la kuzingatia hapo ni *kipya*. Pipa likishatumika mara moja haliwezi kupokea burboni nyingine, kwa hiyo mwenye wiski analiuza, na wapika bia wanalipokea kwa mikono miwili. Ni chombo cha lita 200 hivi, cheusi kama chungu kwa ndani, bado kinanukia.

Moto ulipozichoma mbao za pipa, ulivunja lignini, ile inayoupa mti ugumu wake, na kuzaa vanilini, kile kile kinachoifanya vanila iwe vanila. Sukari zilizofungwa kwenye mbao zikaungua na kuwa karameli. Mwaloni wa Marekani una pia laktoni kwa wingi, na hizo pua inazitambua kama nazi. Kuna harufu ya karafuu kwa mbali. Halafu kuna tanini, ambazo hazinusiki. Unazijua ulimi unapokauka kama umekunywa chai iliyochemka mno. Vyote hivyo huingia polepole. Bia ikikaa miezi mitatu unapata wiski mbichi, kali, imesimama upande wake na bia upande wake. Inahitaji miezi mingi zaidi kabla ya hivyo viwili kuacha kutazamana kwa jicho baya.

Na kahawa?

Kahawa tabia yake ni nyingine. Anayekaanga buni anajua kuwa harufu iliyo tamu zaidi ni ya siku chache za mwanzo, na kwenye bia ni vivyo hivyo. Wapishi wengine hutia buni nzima kwenye bia iliyopoa na kuziacha siku moja au mbili, wengine husaga, wengine huloweka kahawa kwenye maji baridi usiku kucha na kuimimina mwishoni. Kinachohesabika kwako wewe mnunuzi ni kama kahawa iliingia kabla ya pipa au baada yake. Ikiingia kabla, inakuwa imekaa na mti mwaka mzima, na itakayokufikia ni kahawa iliyotulia, karibu na kakao, isiyo na ule mlio wa juu. Ikiingia baada, inakuja ikiwa hai, wakati mwingine hai kupita kiasi, pipa lote linajificha nyuma yake. Lebo nzuri huliandika hilo. Lebo mbaya husema “kahawa” na kukuacha na bahati yako.

Jambo moja la kukutahadharisha: harufu ya kahawa kwenye stauti si ushahidi wa kahawa. Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alipata hati miliki ya kukaanga kimea ndani ya pipa la chuma linalozunguka, kwa namna ya wakaangaji wa buni, na kimea hicho cheusi ndicho kinachozipa stauti rangi yake hadi leo. Nafaka iliyokaangwa na buni iliyokaangwa ni mabinamu. Kwa hiyo ukinusa Bourbon County ukasema “hii ina kahawa”, hujakosea kunusa, umekosea kutaja tu.

Mezani

Nilizitoa kwenye friji na kuziacha dakika ishirini kabla ya kufungua. Bia hizi zikiwa baridi kabisa huwa bubu, unapata utamu na baridi basi. Kuanzia nyuzi 10 hadi 13 za selsiasi ndipo zinafunguka, na huendelea kubadilika kadiri glasi inavyopata joto la kiganja. Glasi iwe yenye tumbo pana na mdomo uliobana, ijazwe robo tu. Anza na yenye kileo kidogo, kisha upande hadi yenye kingi. Ukiigeuza safu hiyo, ya kwanza itaonekana maji, na utaionea. Na usinywe kahawa asubuhi hiyo. Nalisema hili kwa sababu mwenyewe nililisahau mara moja, nikakaa nikishangaa kahawa ya kwenye bia imekwenda wapi.

*Breakfast Stout.* Povu lake ni la kahawia iliyoiva na linakaa. Hilo la kukaa ni la kusifiwa, maana mafuta ya kahawa hulivunja povu, na oti nadhani ndizo zinazolishikilia. Pua inapokea kahawa moja kwa moja, ile ya kwenye kikombe cha asubuhi kabla hujatia kitu, kisha chokoleti chungu. Mdomoni ni laini kuliko unavyotarajia, na uchungu wake una mpangilio: wa kimea kilichoungua unatangulia, wa kahawa unafuata, unakaa kooni muda mfupi, unaondoka. Hakuna kinachogombana na kingine. Ukiimaliza glasi unatamani ya pili. Bia nyingine za meza hii sikupata nazo hamu hiyo.

*Bourbon County.* Nairuka ya katikati kwa makusudi, utaona kwa nini. Hii haimiminiki, inateremka. Povu ni utando tu, unatokea na kufutika ndani ya dakika moja, na ukiizungusha glasi bia inashuka ukutani kwa michirizi ya uvivu. Vanila, karameli iliyoungua, nazi, na burboni isiyojificha. Shemeji yangu, ambaye kwenye ndizi mbivu na bia ana ulimi mkali kuliko wangu, aliinusa, akaisukuma glasi mbele, akairudisha tena.

“Shem, hii mbona inanata?”

Inanata kweli. Sukari nyingi ya kimea haikuliwa na hamira, ikabaki, na ndiyo inayobeba kileo chote kile bila koo kuungua. Ila kwangu mimi ni kinywaji cha kunywa kidogo kidogo kama dawa ya kifua, mkiwa watu wanne kwa chupa moja. Funda la kwanza linastaajabisha. La kumi ni kazi.

*KBS.* Sasa rudi katikati. Kwenye dakika za mwanzo, ikiwa bado na baridi, nilidhani nimeibiwa: burboni ipo, vanila ipo, kahawa haipo. Niliiweka pembeni. Baada ya robo saa niliinusa tena na kahawa ilikuwa imetoka, lakini haikuwa ile ya Breakfast Stout. Ilikuwa imezama ndani ya chokoleti kiasi kwamba ukijaribu kuzitenganisha unashindwa, kama kisu na sahani vikigongana jikoni, unasikia mlio mmoja tu. Vanila ya pipa inaukata uchungu wa kahawa, na uchungu wa kahawa unaukata utamu wa pipa. Ndiyo maana nimeiandika mwisho ingawa mkono uliigusa ya pili. Ukiwa umetoka kwenye Bourbon County na kurudi hapa, unagundua kitu ambacho kahawa inakifanya na hakiandikwi popote: inakausha. Ule mnato alioulalamikia shemeji hapa haupo. Uzito upo, lakini mdomo unabaki safi.

Udhaifu wake ni koo. Kileo kinapita na joto linalofika hadi kifuani, na tanini za mwaloni zikiongezwa juu ya uchungu wa kahawa kuna ukavu mwishoni ambao si kila mtu ataupenda. Ukikaa na glasi nusu saa ukavu huo unapungua. Ukiinywa haraka unakuwa ndio unaoukumbuka.

Kuihifadhi au kuinywa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kuna imani kwamba chochote kilichotoka kwenye pipa huzidi kuwa kizuri kikiwekwa. Kwa stauti ya pipa isiyo na kahawa imani hiyo ina mashiko: kileo kingi na sukari nyingi huilinda, makali ya wiski hupoa, zabibu kavu na tende huanza kujitokeza, na miaka miwili au mitatu mahali penye giza na ubaridi haiidhuru, wakati mwingine inainyoosha.

Weka kahawa ndani, na saa inabadilika. Nilikuwa na chupa mbili za stauti ya kahawa ya pipa, za kiwanda ambacho sitakitaja. Moja niliinywa mwezi ule ule, ikawa kati ya bia nzuri nilizowahi kuonja. Ya pili niliificha kabatini miaka miwili na nusu kwa ajili ya siku maalumu. Siku ikafika, nikafungua mbele ya watu, nikamimina kwa mbwembwe, na glasi nzima ikanukia pilipili hoho. Hoho mbichi ya kijani, iliyokatwa sasa hivi. Chini yake kulikuwa na kitu kama sosi ya soya. Hakuna aliyesema neno, na ukimya ule ulikuwa wa heshima kwangu kuliko kwa bia.

Haikuwa imeoza, na kiwanda hakikuwa na kosa. Zile harufu nzuri za kahawa huruka au kuvunjika mapema, na zinazobaki, hasa za jamii ya pirazini, ndizo hizo za hoho. Zilikuwepo tangu siku ya kwanza, zikiwa zimefunikwa. Kwa hiyo kanuni yangu tangu hapo: stauti ya kahawa bila pipa inywewe ndani ya miezi michache tangu tarehe iliyo kwenye chupa, stauti ya kahawa yenye pipa isivuke mwaka, na ya pipa tupu ndiyo pekee ninayoipa nafasi kabatini. KBS, kwa kuwa kahawa yake ilishapitia mwaka wa pipa na kutulia, inavumilia kuliko zile zilizotiwa kahawa mwishoni, lakini kuvumilia si kuboreka.

Ukikutana na uchachu wa siki au tufaha bichi, hilo ni jambo jingine. Mbao zina vitundu, bakteria hujificha humo, na pipa lisiloandaliwa vizuri linaweza kuharibu bia. Hiyo imwage tu, wala usijilazimishe kuisifia eti kwa kuwa chupa yake ni ya kifahari.

Kileo, kwa hesabu

Chupa ya Breakfast Stout ni mililita 355. Kwa asilimia 8.3 ina kama mililita 29 za kileo halisi. KBS ya ujazo huo huo, kwa asilimia 12, ina karibu 43. Bourbon County, kwa chupa ya mililita 500 ya asilimia 14, unapata 70. Bia ya kawaida ya asilimia 5 ya mililita 355 ina chini kidogo ya 18. Maana yake chupa hiyo moja ya Bourbon County ni kama bia nne za kawaida, na inaingia kwa ulaini wa kinywaji cha watoto. Na kwenye zile mbili nyingine, kahawa iliyomo haikuzindui. Inaweza kukufanya ujione uko macho, ukasahau kuwa umelewa, na huko ndiko kubaya zaidi. Usafiri uwe umepangwa kabla chupa haijafunguliwa.

Nani achukue ipi

Kama unaipenda kahawa yenyewe, ile ya kikombeni, chungu na yenye harufu ya juu, chukua Breakfast Stout au nyingine ya aina yake isiyo na pipa, na usome tarehe kabla ya kusoma jina. Nalisema bila kusita: kwa ladha ya kahawa inaishinda ya pipa, na haishindwi kwa aibu kwenye lolote jingine. Anayeanza stauti nzito naye aanzie hapa.

Kama unapenda wiski na kahawa unaiona ni kelele, Bourbon County. Itafute mkiwa wengi. Ukiwa peke yako utaifungua usiku, utafika nusu, na asubuhi nusu iliyobaki itakuwa imepoteza gesi na wewe utakuwa unajilaumu.

KBS ni ya mtu aliyeshaonja hizo mbili na kujua anachokikosa katika kila moja. Ni ya jioni ndefu isiyo na haraka, glasi moja mkononi, simu iko mbali. Ukipata ya mwaka huu, inywe mwaka huu. Ukiikuta dukani imepigwa vumbi na tarehe ya miaka mitatu nyuma, iache hapo hapo hata kama muuzaji anakuambia imekomaa. Imekomaa kweli, ila kama mboga.

Shemeji, kwa taarifa yako, hakuchagua hata moja. Alichukua kilichobaki kwenye glasi ya Bourbon County, akakimimina juu ya kilichobaki cha Breakfast Stout, akazungusha, akanywa, kisha akanisogezea. Ilikuwa nzuri. Kahawa ilikuwa juu, mbichi na kali, vanila iko chini yake, na hakuna kati ya hivyo viwili aliyekuwa amepata muda wa kumchosha mwenzake.